Namjua Kama Dada Yangu

Uongo wenye kilemba safi na masharubu meupe niliuona kwa macho yangu, na jina lake lilikuwa Shazli Hasaballah. Mimi nilikuwa nikikaa na meza yangu nje ya ofisi ya kuthibitisha hati ya mji wetu, huku Saidi, kusini mwa Misri, nikiwaandikia watu maombi na malalamiko. Yeye alikaa mkahawani ng'ambo ya barabara. Kwa miaka yote hiyo nilimpenda na kumchukia, na mpaka leo sijaamua lipi lilizidi.

Kazi yake ilikuwa kujua watu. Sheria ilimtaka kila anayetia sahihi aonyeshe kitambulisho, na siku hizo wanawake wetu wengi hawakuwa nacho. Mume gani angekubali mkewe akapigwe picha, uso wake ukapitie mikono ya makarani? Basi asiyekuwa nacho aliletwa na mashahidi wawili wenye vitambulisho vyao, waape kwamba wanamjua kwa uso na kwa jina. Lakini jamaa zake wako kwenye mashamba ya miwa, foleni haisogei, na msajili anatazama saa. Hapo dalali angevuka barabara na kuita, "Ami Shazli, hebu nisaidie na huyu mama!" Ami Shazli angeweka gilasi yake chini, akafuta masharubu, akaingia ndani kama sheikh anayekwenda kuswalisha.

Karani Bushra angeanza kusoma: "Unamjua mwanamke huyu, Fulani binti..." Jina la baba halijatoka, Shazli ameshajibu.

"Namjua kama dada yangu wa tumbo moja!"

Maneno yale yale kwa ajuza, kwa bibi harusi, kwa mjane. Bushra alikuwa akimwambia, "Shazli, mama yako alizaa mkoa mzima!" na ofisi nzima ikaangua kicheko. Malipo yake yalikuwa chai, sigara, na kuitwa kila mara kama mtu ambaye mji hauwezi kwenda bila yeye. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililomlevya.

Nami sitamwonea. Wengi wa wanawake wale walikuwa kweli ndio wenyewe, na bila yeye wangerudi nyumbani mikono mitupu. Ila nilimwonya.

"Iko siku utamwapia shetani kwamba ni dada yako."

"Shetani hana shamba la kuuza," akanijibu, akaagiza chai nyingine.

Dada wa kweli alikuwa naye, tena mmoja tu. Walichangia mama, baba mbalimbali. Sisi sote tulimwita Mama Wagdi. Alikuwa mjane, akiishi kando ya mfereji katika nyumba ya vyumba viwili aliyoandikiwa na marehemu mumewe, yenye tanuri juu ya dari, na mwanawe Wagdi alikuwa Libya akijenga nyumba za watu. Tangu Shazli afiwe na mkewe, Mama Wagdi ndiye aliyemlisha. Kila Ijumaa alimletea mkate wa jua, ule unaoumuliwa juani kabla ya kuingia tanurini, umefungwa kwenye kitambaa ungali moto. Jina lake la kwenye karatasi hatukulijua. Kwetu jina la mwanamke halitajwi mbele za watu, na Shazli mwenyewe hakuwa amelitamka tangu dada yake alipoolewa.

Asubuhi moja Mama Wagdi aliingia mkahawani. Mwanamke, mkahawa wa wanaume! Gilasi zilisimama hewani. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine mtupu, na baibui lake limejaa vumbi.

"Ndugu yangu! Wameng'oa mlango wangu! Wanatupa magodoro yangu mferejini, wanasema nyumba si yangu, eti nimeiuza!"

"Nani? Nani anathubutu?" Shazli aliruka juu, kiti kikaanguka. "Umemuuzia nani?"

"Sijamuuzia mtu! Ningekwenda kukaa wapi, kaburini?"

"Usilie. Mimi ndiye mtu wa ofisi ile. Leo watanijua!"

Akamshika mkono wakavuka barabara. Nami nikainuka nikawafuata, kwa sababu mwenye ghadhabu hujieleza vibaya, na malalamiko yangehitaji kuandikwa. Sikujua ninakwenda kuona nini. Laiti ningebaki kwenye meza yangu.

Msajili Nashaat alikuwa mtu mkavu lakini mwenye haki. Alimsikiliza, akamwomba Bushra alete faili la nyumba ile, akalifungua.

"Mama, hapa iko hati ya mauzo. Dawlat binti Mursi Abdelbaki alikuja hapa mwenyewe, akaweka kidole gumba mbele yangu."

"Dawlat ni mimi," Mama Wagdi akasema. "Na mimi sijawahi kukanyaga chumba hiki."

Pale Shazli alipolisikia jina lile niliona masharubu yake yakitikisika. Lakini bado alikuwa hajaelewa. Akapiga meza kwa kiganja.

"Wizi mtupu! Basi aliletwa mwanamke mwingine! Ni mbwa gani aliyeapa kwamba anamjua? Mleteni hapa nimtemee mate usoni!"

Bushra alikuwa amekodoa macho kwenye faili, rangi imemtoka. Kisha akasema polepole, kama mtu anayepeleka habari ya msiba.

"Ami Shazli, ni wewe."

"Mimi nini?"

"Siku ya ule upepo wa vumbi. Dalali alikuita, ukaingia na mwenzako mmoja wa mkahawani. Mwanamke amejifunika gubigubi. Nikasoma, 'Dawlat binti...' ukasema unamjua kama dada yako wa tumbo moja. Mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Nilicheka."

Nimeandikia watu habari za mauaji, za visasi vya koo, za watoto waliozama Nile, lakini sijawahi kusikia habari nzito kama ile. Ulimi hauna mfupa, tunasema, lakini siku ile niliuona ukivunjika. Shazli aligeuka. Akamtazama dada yake kama vile ndiyo kwanza anamwona.

"Uliniuza mimi?" Mama Wagdi aliuliza, kwa sauti ndogo ya kushangaa. "Kwa gilasi ya chai?"

"Sikusikia jina," Shazli akanong'ona. "Wallahi sikusikia."

"Jina langu, kaka! Mama alikuwa akilipiga ukelele kila jioni tukichelewa mferejini. Hukulisikia?"

Baadaye tulikuja kujua kwamba aliyepanga yote alikuwa shemeji yake Mama Wagdi, Raslan, mdogo wa marehemu mumewe. Alijificha nyuma ya dalali na mnunuzi wa uongo, na mwanamke aliyejifunika alitolewa mji mwingine. Dalali hakujua kwamba Dawlat wa kwenye hati ndiye Mama Wagdi, dada yake Shazli, maana naye hakuwahi kulisikia jina lake. Mtego ulitegwa kwa haya zetu wenyewe. Lakini wakati ule, mle chumbani, jambo lilikuwa moja tu: nyumba.

"Nataka kuisimamisha hati hii sasa hivi na kuipeleka kwa mwendesha mashtaka," Nashaat akasema. "Lakini sheria ni ile ile. Mama, una kitambulisho?"

"Sina, bwana."

"Basi nahitaji watu wawili wenye vitambulisho, wanaokujua wewe kuwa ndiwe Dawlat."

Nikaweka changu mezani. Jina sikuwa nalijua, lakini niliandika barua zake zote kwa Wagdi, na mume aliyemzika nilimjua, na nyumba naijua. Nashaat akaniuliza maswali, akakubali. Akabaki mmoja. Majirani wote kando ya mfereji ni ukoo wa Raslan, nani angefungua mdomo? Wagdi yuko Libya. Macho yetu yakamwendea Shazli.

Nashaat akavua miwani.

"Shazli, sikiliza vizuri, nisije nikalaumiwa. Ukisema humjui, unatoka hapa unaenda zako kunywa chai. Ukisema huyu ndiye Dawlat, umekiri kwamba ulikula kiapo cha uongo mbele yangu. Askari yuko mlangoni."

Nilimwona akiutazama mlango. Sitamsingizia wala sitamtetea, aliutazama. Mama Wagdi hakumsihi. Aliuinua tu ule mguu mtupu akaupangusa vumbi kwenye mguu wa pili.

Shazli akatoa kitambulisho chake, akakiweka juu ya changu.

"Soma, Bushra."

Bushra akasoma polepole. "Unamjua mwanamke huyu, Dawlat... binti Mursi... Abdelbaki?"

Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona Shazli Hasaballah akingoja jina liishe.

"Namjua. Ni dada yangu. Yule mwingine sikumjua. Wale wote sikuwajua."

Askari alimtoa kwa kumshika mkono, taratibu, kwa sababu hata yeye alizoea kumsalimu. Hati ilisimamishwa siku ile ile, na baada ya mahakama kupiga chenga zake, nyumba ilirudi. Mlango mpya Wagdi alilipia kutoka Libya. Mama Wagdi alikwenda kupigwa picha, akapata kitambulisho, mwanamke wa kwanza katika ukoo wao wote, na waliomsema aliwaambia waje wamseme mbele ya ule mlango mpya.

Kwa kaka yake gerezani hakwenda. Miezi ikapita. Halafu Ijumaa moja ya baridi alinijia nyumbani na kitambaa kifuani, kinafuka mvuke, akaniambia, "Nipeleke. Sijui gereza linaingiwaje."

Langoni sajini akadai kitambulisho. Mama Wagdi akakitoa kwa vidole viwili, akakiinua juu watu wote wakione. Shazli akaletwa nyuma ya wavu. Masharubu yalikuwa yamenyolewa, na mimi, mtu niliyemtazama miaka yote ile, nusura nisimtambue.

Sajini akasoma kwa sauti. "Dawlat binti Mursi Abdelbaki." Kisha akamgeukia mfungwa, kama anavyowauliza wote. "Wewe, unamjua huyu?"

Shazli akashika wavu kwa mikono miwili. Sajini akauliza mara ya pili. Machozi yakamteremka mpaka kidevuni na neno hakulipata, mtu aliyekuwa nalo kwa kila mwanamke wa mkoa.

"Mjibu, mjinga wewe," dada yake akamwambia. "Mkate unapoa."