Bibi Tuliyemwacha Kilimani

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka leo nacheka peke yangu, ingawa siku yenyewe nilikaribia kulia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nyuma ya kijiji chetu, Kocholia, kuna kilima chenye msitu, na kijiji kilikuwa kimekubaliana kuutunza kwa kujitolea. Tulifyeka njia, tukapanda miti, tukawafukuza wachoma makaa. Kiongozi wetu alikuwa Mama Asekenye, mwalimu wa chekechea, mwanamke mfupi ambaye hata wazee walimwogopa kidogo. Mimi aliniweka pale chini, njia inapoanzia. Niulize wageni kama wana maji, nitazame viatu vyao, niwaonye juu ya jiwe linaloteleza, nihesabu wanaopanda na wanaoshuka.

Kwangu hiyo ilikuwa kazi ya kitoto. Nilichopenda ni njia yenyewe. Siku hiyo nilikuwa nimeifagia mpaka juu, na nilingoja mtu wa kunisifu.

Mchana wakaja watu wa harusi kutoka Malaba, wametoka kanisani sasa hivi. Walitaka kupiga picha kule juu, mahali unapouona mwamba wa Tororo ng'ambo ya mpaka. Bibi harusi ameshika gauni, mashangazi wanapiga vigelegele! Nikasahau kila kitu. Nikawatangulia kama mwenye kilima.

Tulipokuwa juu, mvua ikashuka. Tukateremka mbio, wakajazana kwenye magari yao mawili, wakaenda. Muda si mrefu Mama Asekenye akafika na mwavuli wake.

"Umepandisha watu wangapi?"

"Wengi, Mama."

"Wengi ni wangapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikapotea.

"Na wameshuka wote?"

"Nadhani."

"Unadhani." Hakupaza sauti. Afadhali angenigombeza. "Njia umefagia vizuri, nimeona. Sasa twende tuhakikishe hujaacha mzazi wa mtu huko."

Tulipanda tukiita. Nilikuwa naomba Mungu tusipate mtu. Karibu na lile jiwe, sauti ikatujibu kwa Kiteso. Chini ya mwamba, amejikinga mvua, alikuwa ameketi nyanya ya bwana harusi katika gauni lake la gomesi la kijani, kiatu kimoja mkononi, kifundo cha mguu kimevimba. Kila gari lilifikiri yuko kwa lile lingine.

"Nyinyi ndio mmetumwa?" akauliza. "Nilikuwa nimeogopa. Sasa nasikia njaa tu. Chakula bado kiko?"

Mama Asekenye alicheka mpaka akashika mti. Mimi nikachuchumaa, nikambeba bibi mgongoni. Akachukua mwavuli, akatufunika wote wawili, akaanza kuniongoza.

"Kushoto, kijana. Hapo panateleza. Si ungeniambia hivyo tukipanda?"

Tulimfunga mguu kwa leso, tukamkalisha kwenye boda, zile za baiskeli za wakati huo, mimi nikikimbia kando yake hadi Malaba. Tulipofika, muziki ulikuwa umezimwa, watu wanalaumiana. Kumwona tu, vigelegele vikapasua hema. Bwana harusi alimkumbatia nyanya yake, kisha akanikumbatia mimi na matope yangu yote, suti ikaharibika. Bibi akawekwa kiti katikati, akacheza kwa mabega mpaka usiku ukaingia. Nilikula sahani mbili.

Kesho yake nilimwendea Mama Asekenye nikijua nimefukuzwa. Akaniangalia, akasema, "Wewe bado uko hapa? Nenda zamu, wageni wanakuja."

Ndiyo maana nakuambia haya, mwanangu, sasa ambapo na wewe umejitolea. Panda miti, rekebisha njia, hata ishara zipake rangi. Lakini mgeni anakuamini kabla hajakujua jina. Muulize maji na viatu bila aibu, hata kama ana umri wa babu yako. Mwonyeshe penye hatari, hata kama ana haraka na wewe umechoka kurudia maneno yale yale. Mhesabu akipanda, mhesabu akishuka. Na usiondoke pale chini mpaka wa mwisho amerudi.

Mungu akulinde katika kazi hiyo. Akupe subira na watu, akupe miaka mingi ya kuitumikia nchi yako, na kila atakayepita mbele yako afike kwao salama, akute wanamsubiri kula.