Kamera ya Kumfikia Shangazi

Kamera yangu iliuawa na wifi yangu kwa sabuni. Katika shughuli moja ilishikwashikwa na mikono iliyotoka kula sambusa, yeye akaiona ina mafuta, akaichukua pale dirishani, akaisugua kwa kitambaa chenye povu kama anavyosugua sufuria, kisha akaianika juani. Akaniletea inang'aa. "Nimekusaidia," akasema. Sikumjibu, kwa sababu jibu nililokuwa nalo lingevunja ndoa ya kaka yangu. Nia njema imeharibu vitu vingi hapa Tabora kuliko mchwa.

Lenzi ilipona kwa kuwa ilikuwa mkobani mwangu. Sisemi lenzi iliyomo ndani ya kamera. Hii ni ya kuongezea, kioo kizito chenye meno kinachofungwa mbele ya kamera kama kifuniko cha chupa. Ukikifunga, kamera inaona chumba kizima, ukuta huu hadi ule, na pembe zake. Niliuziwa na mtawa mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Kazi yangu ni kupiga picha za wanawake ndani: siku ya hina, siku ya kumpamba bibi harusi. Nyumba zetu za zamani za Mtendeni zina kuta nene na vyumba vyembamba. Ukirudi nyuma hatua moja umekalia mapaja ya mtu. Simu haziruhusiwi, maana bibi harusi yuko kichwa wazi, na simu za watu wetu zina mdomo kuliko wenyewe. Mimi na kamera yangu isiyojua mtandao tunaruhusiwa.

Sasa binti wa dada yangu alikuwa anaolewa. Ni msichana wa mwisho wa nyumba yetu. Baada yake wamebaki wavulana, na harusi za wavulana hufanyika kwa watu. Nilitaka picha moja tu katika chumba kile: Shangazi, akiwa mzima.

Shangazi ni dada wa marehemu baba. Aliachika akiwa kijana, hakuzaa, akarudi nyumbani na kutulea mimi na dada yangu. Kwenye sanduku la picha za familia yumo kila mahali na hayumo popote. Harusi ya dada: bega lake. Maulidi: pindo la kanga. Arobaini ya baba: ndala moja. Kila aliyejidai kujua kupiga picha alilenga katikati, penye dhahabu na mapaja manene, akamkata Shangazi pale pembeni mlangoni anapokaa siku zote. Shughuli ya mwisho kwetu ilifanyika kabla sijaipata lenzi. Safari hii nilisema hatakatwa. Lakini lenzi bila kamera ni kioo cha kuchezea, na ilikuwa lazima nipate kamera inayoikubali.

Nilianza na muuza simu wa Mtendeni, bwana mwenye ndevu zilizochongwa kama kwa rula. Aliipokea lenzi, akaigonga kwa ukucha.

"Shikamoo mama. Hii ya kizamani. Siku hizi mambo yote yako kwenye simu. Chukua hii, na hiki unabana hapa mbele, kinavuta chumba kizima."

Alinionyesha kijilenzi cha plastiki kilichoshikiliwa na kibanio, kaka yake kibanio cha nguo.

"Simu haziingii chumbani kwa bibi harusi," nikamwambia.

"Si unazima data tu, mama."

Nilimtazama vizuri. Kichwani mwake data ilikuwa imezimwa zamani. Nikaichukua lenzi yangu, nikaifuta alama ya ukucha wake, nikaondoka.

Wa pili alikuwa karibu na soko kuu. Huyu angalau alikuwa na kamera ya dijitali, kubwa, ndani ya kabati la kioo pamoja na mashine za kunyolea. Nikamuuliza kama lenzi itaifaa. Hata hakuitazama.

"Inaingia."

Mjini kwetu hilo ndilo jibu la kila swali. Spea ya baiskeli inaingia, kiatu kinaingia, mlango wa kabati unaingia kwenye nyumba isiyo yake. Kikishaingia hakitoki, na hapo ndipo fundi hupata chakula. Akatafuta pete ya kuunganishia, akaiweka katikati, akakaza mpaka vyuma vikalia.

"Si unaona? Imeingia."

Nikapiga picha ya duka lake. Nikamwonyesha. Giza lilikuwa limezunguka pande zote, na katikati yupo yeye, anatabasamu, kama mtu anayechunguliwa kupitia bomba.

"Pembe ziko wapi?"

"Pembe za nini mama? Mtu anapigwa picha uso."

"Nazitaka pembe."

"Haya. Mchagua nazi hupata koroma."

"Na asiyechagua huuziwa kifuu," nikamjibu. Ikambidi atumie koleo kuitoa lenzi yangu, na kila koleo lilipogusa kile chuma nililisikia kwenye meno yangu.

Aliyenielekeza mwisho ni wifi, muuaji mwenyewe. Kwao ni Puge, na alikumbuka kwamba huko kulikuwa na bwana aliyepiga picha za harusi kwa kamera kama yangu, kabla hajaacha na kurudi shambani. Sikutaka kumpa wifi raha ya kunisaidia mara ya pili, ila siku zilikuwa zinakwisha. Nikapanda basi la Nzega nikashuka Puge.

Yule bwana nilimkuta anapukuchua mahindi. Kamera ilikuwa ndani ya ndoo yenye mfuniko, pamoja na mbegu, na kwa mara ya kwanza katika safari ile nilikutana na mtu anayejua kutunza kitu.

"Bado nzima?" nikamuuliza.

"Haijafa. Mimi ndiye niliyechoka. Kila picha, mtu anakuja: mbona umeninenepesha, mbona umeniweka nyuma ya mke mwenzangu. Mahindi hayasemi hivyo."

Nikamwona ni mwenzangu. Nikaikaribisha lenzi kwenye kamera yake, ikazunguka taratibu, ikafika mwisho wake ikatulia yenyewe. Nikapiga uwanja wake. Ghala lote, ua wote, na pembeni kabisa alikuwepo kuku, mzima, na mkia wake. Nikasema kama kuku wa Puge anaonekana, Shangazi ataonekana. Tukaelewana bei bila kelele.

Siku ya kumpamba bibi harusi chumba kilijaa mpaka pumzi zikawa za zamu. Katikati walikaa upande wa bwana harusi, wamejipanga kama vyombo vya kabatini. Ni ukoo ambao huwezi kunywa nao chai bila kuambiwa walivyofika Tabora. Mama mkwe hakusubiri hata chai.

"Sisi," alisema, akizungusha bangili, "tulikuja na msafara."

Kutoka mlangoni sauti ya Shangazi ikauliza, kwa upole:

"Mlikuja mmebeba mizigo au mmebebwa?"

Bangili zikaacha kuzunguka. Dada yangu alinikazia macho kana kwamba ni mimi niliyesema. Mimi nilijificha nyuma ya kamera, nikacheka kwa mabega, kisha nikapiga.

Kioo cha kamera kikanionyesha kila kitu: bibi harusi, dhahabu, mama mkwe aliyenuna, mito, ukuta hadi ukuta. Pembeni mlangoni kulikuwa na kanga iliyoinuliwa kufunika uso. Nikadhani anajifuta jasho. Nikapiga tena: ameinama anatafuta ndala. Nikapiga tena: mgongo.

Ule mgongo niliujua. Lile bega nililijua. Pindo lile lile, ndala ile ile, miaka yote ndani ya sanduku. Hakuna mpiga picha aliyemkata Shangazi.

Nikaruka miguu ya watu mpaka mlangoni, nimekasirika kweli.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimehangaika mpaka Puge kwa ajili yako. Kuna nini?"

"Nani alikutuma?"

"Hakuna picha hata moja ya nyumba hii uliyomo."

"Simo kwa kuwa sitaki kuwamo." Hakupunguza sauti. "Siku nilipoachika nilitembea na sanduku kichwani toka stesheni hadi hapa. Hawa ndugu zetu wote walikuwa barazani. Hakuna aliyeinuka kunipokea. Leo nijipange nao ukutani, nikifa waoneshane, tazama tulivyokuwa naye pamoja? Wee mwanangu! Picha yao wapige wao."

Nilikuwa nimezunguka mji mzima nikiwabeza watu, nikidhani dharau katika ukoo wetu imeanza na mimi. Kumbe mwenye dharau hiyo alikuwa amekaa mlangoni, na ameifanyia kazi bila kupumzika tangu sijazaliwa. Mimi nilitaka kumhurumia! Masikio yaliniwaka.

Nikamaliza kazi yangu. Wale wa katikati niliwapa picha zao, kila mmoja na kidevu chake. Kisha pilau likaitwa uani, chumba kikamwagika nje kama maji ya beseni, wakamtanguliza bibi harusi. Nikawa nakunja nyaya zangu.

Shangazi hakwenda. Alisimama, akajinyoosha kiuno, akatembea mpaka kwenye kiti cha bibi harusi kilichozungushiwa vitambaa na maua ya plastiki. Akayang'oa maua ya upande mmoja ambayo yangemchoma, akayatupa chini ya kitanda. Akakaa.

"Funga mlango," akasema.

Nikafunga.

"Sasa piga. Na hilo dude ulilolivisha mbele ya kamera, litoe. Mimi ni mtu mmoja."

Nikaifungua ile lenzi niliyoitafutia kamera Mtendeni, sokoni na Puge. Nikaitia mkobani. Uani walikuwa wakigombania nyama, tukiwasikia. Nikainua kamera, na Shangazi akaishusha kanga mabegani, akanitazama.