Pumzi za Mke Wangu

Mke wangu alikuwa na pumu tangu utotoni. Nilipokwenda kumposa niliambiwa, tena na mama yake mwenyewe, ili nisije kusema baadaye kwamba nimefichwa. Sikujali. Nilikuwa kijana, nikadhani pumu ni kukohoa tu.

Niliijua mwaka tuliohamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Kanga. Udongo wa kuta ulikuwa haujakauka, na kila wiki ilimkamata mara mbili au tatu. Alikaa kitako, mikono magotini, mabega yamepanda, kifua kikilia kama filimbi. Majirani walisema ana shetani, apungwe. Mimi nikampeleka zahanati.

Mganga wa pale alikuwa kijana wa bara, mpole. Alimpa vidonge, kisha akamwambia aweke kiganja tumboni.

"Vuta pumzi kwa pua, taratibu, mpaka tumbo liinue mkono. Sasa itoe kwa mdomo, midomo uibane kama unapoza uji. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta."

Akanigeukia mimi. "Wewe mhesabie. Lakini nisikilize, bwana. Haya ni mazoezi ya kumtuliza, ya kufanya kila siku akiwa mzima. Akishindwa kumaliza neno, usihesabu. Mlete."

Nilimjibu nimeelewa.

Basi kila asubuhi baada ya sala tulikaa jamvini, tukitazamana. Mbili za kuvuta, nne za kutoa. Siku za mwanzo alikuwa akiangua kicheko katikati.

"Unanihesabia kama mwalimu wa kisomo cha watu wazima!"

Yalimsaidia kweli. Hofu ilimpungua. Akisikia kifua kinabana alikaa, akapoza uji wake, na mara nyingi kikaachia. Msimu mzima wa mpunga ukapita hatujaiona zahanati. Akawa anakwenda shamba la kijiji na wenzake, na jioni ananionyesha malengelenge ya viganjani kama mtu anayeonyesha bangili mpya. Nami nikajiona mganga. Nilisimulia barazani jinsi nilivyomponya mke wangu kwa kuhesabu.

Siku ile kijiji kilikuwa kinachoma pori kwa ajili ya shamba jipya. Nilimwambia abaki.

"Wenzangu wote wako kule," akasema. "Mimi nibaki nimekuwa nani?"

Kabla jua halijawa kali alirudi, macho mekundu, kifua kinalia. Nikamketisha, nikakiweka kiganja chake tumboni, nikaanza kuhesabu.

"Twe... twende," akasema.

"Tulia kwanza. Moja, mbili."

Akatikisa kichwa. Akanishika mkono, akaubana. Lakini alijitahidi, nataka hilo lijulikane: kila nilipomwambia abane midomo, aliibana. Nilihesabu, nikahesabu. Mlio wa kifua ukapungua, nami nikafurahi, nikidhani kinaachia. Kumbe hewa ndiyo ilikuwa haipiti tena. Nilipoona midomo imekuwa ya rangi ya majivu ndipo nikapiga ukelele kuita watu.

Tulimbeba kwa kitanda. Mganga, aliyekwisha kuitwa na vijana waliotangulia mbio, alitukuta njiani, akapiga magoti mchangani, akamdunga sindano, akamwekea sikio kifuani. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akavuta pindo la kanga, akamfunika uso.

"Ilianza saa ngapi?" akaniuliza.

"Sasa hivi," nikasema. "Imeanza sasa hivi tu."

Aliniangalia, kisha akairudisha sindano yake mkobani.

Neno lile nilikaa nalo mpaka arobaini ikapita. Halafu nikaenda kwa mama mkwe. Nilimkuta ukumbini anasuka ukili wa mkeka. Nikakaa chini, nikamweleza yote: moshi, kuhesabu kwangu, na uongo niliomwambia mganga. Vidole vyake havikusimama.

"Mwanangu alisemaje?" akauliza.

"Alisema twende."

"Mara ngapi?"

"Mara moja, mama. Ya pili hakuweza."

Hapo ukili ukamponyoka. Aliuokota, akajikusanyia kanga zake, akaingia ndani. Nikasubiri pale mpaka adhuhuri. Hakutoka.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila Idi nilikwenda kwake, nikasimama mlangoni nikasema, "Shikamoo, mama." Naye akanijibu, "Marahaba." Hakunilaani wala hakunisamehe. Hakunikaribisha ndani tena mpaka alipofariki.