Pumzi za Nyumba Nzima

Fyuu.

Mlio mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka, ulitoka kifuani mwake kabla yeye mwenyewe hajafika mlangoni. Waliokuwa ndani walijua ni nani anakuja, wakamsogezea kiti. Ndiyo maana tangu utotoni walimwita Filimbi. Pumu ilimpa jina, naye akalipokea kwa kicheko, maana hata kukasirika kunahitaji pumzi.

Alishona mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi na mama yake, kaka yake na wifi yake. Vitambaa vilimwagika kutoka mezani mpaka kizingitini, na siku kifua kilipobana alikaa katikati ya maua na mistari hiyo, ameinama, akiisubiri hewa kama mtu anayesubiri mgeni asiye na haraka. Hospitalini waliishia kumwambia aepuke vumbi. Aliwauliza kama wanajua panapouzwa kitambaa kisicho na vumbi, akanunue.

Kisha kliniki ikatangaza utafiti. Walitafutwa wenye pumu wa kujaribu dawa mpya ya kuvuta, na kila mshiriki angepewa kidude cha kupimia pumzi, kidogo kama kipande cha sabuni, chenye mdomo wa plastiki, kioo cha namba na taa za kijani, njano na nyekundu. Kazi yake ilikuwa kukipuliza kila asubuhi na kukirudisha siku ya kliniki.

Muuguzi wa utafiti, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alimwonyesha namna. Alimwambia, "Hapa hatutaki kupuliza kwa adabu, dada. Puliza kama jirani anaungua."

Filimbi akapuliza, akacheka, akakohoa, akacheka tena. Alirudi nyumbani anapepea. Maisha yake yote yeye ndiye aliyekuwa akiomba pumzi. Leo kulikuwa na watu wanaomwomba yake.

Na dawa ilimkubali. Baada ya muda aliacha kulala ameketi, ile milima ya mito aliyokuwa akiegemea ikahamia kwenye kochi la sebuleni, na wifi akalalamika kwamba sasa wageni hawana pa kukaa.

Tatizo lilikuwa kaka yake. Alikuwa refa wa mechi za mtaani, mtu aliyeamini kwamba mapafu yake ni mali ya umma. Asubuhi moja alikiona kidude mezani, akaomba ajaribu mara moja tu. Taa ya kijani ikawaka. Alizunguka nyumba nzima akionyesha namba. Wifi naye akasema kama ni kelele tu hata yeye anaweza, akapuliza, akaikaribia namba yake. Tangu hapo yakawa mashindano ya kila siku kabla ya chai, na aliyeshindwa aliosha vyombo. Mama aliweka sheria moja: mgonjwa atangulie, wazima wamalizie. Wifi alisuuza mdomo wa plastiki kila zamu, na wote waliona wameshatimiza usafi na utafiti kwa pamoja. Filimbi alidhani kidude kinasahau namba mara taa inapozimika.

Hakikusahau kitu.

Siku ya kliniki daktari, kijana ambaye miwani haikutaka kukaa puani pake, alikiunganisha na kompyuta. Mstari ukapanda, ukashuka, ukapaa tena mpaka ukakaribia kutoka nje ya kioo. Daktari akaita wenzake. Wakajaa chumbani, wakamtazama Filimbi kama bibi harusi. Mmoja alimshika mkono. Walisema hawajawahi kuona dawa ikimwinua mtu namna hiyo.

Angeweza kunyamaza. Aliwafikiria watu wengine wanaolala wameketi, watakaopewa dawa hii kwa sifa za mapafu ya refa. Kicheko kilimpanda, hofu ikampanda, vyote vikakutana kooni, na kifua kikalia fyuu mbele ya wataalamu.

"Daktari," akasema, "hicho kilima si changu."

"Ni cha nani?"

"Cha kaka."

"Na hiki?"

"Cha wifi yangu."

"Na hiki kirefu kabisa?"

"Hicho sikijui. Kaka anasema vyote virefu ni vyake."

Muuguzi aligeukia ukuta, mabega yakimtetema. Daktari hakucheka. Alieleza taratibu kwamba mshiriki ambaye vipimo vyake havijulikani huondolewa, na dawa hurudishwa. Filimbi aliiona mito ikitoka kwenye kochi, moja moja, ikirudi kitandani.

Ni muuguzi aliyeuliza, huku anafuta macho, nani alikuwa akianza kupuliza. Filimbi akaitaja sheria ya mama. Daktari akaiacha miwani iteleze mpaka mwisho. Kidude kilihifadhi saa ya kila pumzi. Basi waje wote, akasema, apimwe kila mmoja. Wakubwa wa utafiti wakiridhika kwamba pumzi zinatengana, Filimbi atabaki.

Walikuja kama waendao harusini. Refa alivaa jezi, kipyenga shingoni. Muuguzi aliwapa kila mtu mdomo wake wa plastiki, akawasomea somo la vijidudu lililowafanya wote watazame sakafu. Refa akapuliza. Wifi akapuliza. Kilima kirefu hakikuwa cha yeyote kati yao. Mama, aliyekuja kuwasindikiza tu, akaomba mkoba wake ushikwe, akapuliza, na mstari ukagusa pale pale juu.

"Mama, ulikuwa unapuliza saa ngapi?" refa akauliza.

"Mkishatawanyika. Kiko mezani peke yake, kinanitazama. Ningefanyaje?"

Refa aliomba kurudia. Muuguzi alimwambia mechi imekwisha.

Daktari akafuta vilima vyote. Ukabaki mstari mfupi wa asubuhi, wa anayetangulia, ukianzia chini na kupanda polepole kama njia ya kwenda nyumbani. Akampa Filimbi kidude ahakikishe. Chumba kikatulia, hata refa alibana pumzi yake. Filimbi akapuliza kama jirani anaungua. Taa ya njano ikawaka, na nukta mpya ikakaa sawasawa kwenye ncha ya ile njia.

Daktari akapiga simu kwa wakubwa, akasoma namba, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Atabaki. Wifi akapiga kigelegele, refa akapuliza kipyenga, muuguzi akamfokea, mama akadai mkoba wake. Katikati ya ghasia hiyo Filimbi alikuwa bado anaitazama namba yake ndogo, akiwa amekikumbatia kidude kwa mikono miwili.

"Hii ni yangu," akanong'ona.