Shayiri ya Boma la Baba

Nilirudi Njoro na diploma ya kilimo kutoka ng'ambo, nikaunda rola kwa mikono yangu: bomba nene la chuma, lililojaa maji na kuchomelewa vyuma butu. Huponda mashina ya shayiri bila kuyakata, yafe yakiwa yamelala na kuufunika udongo, nipande mahindi hapo bila kulima wala dawa.

"Boss, shayiri ikiamka utaiimbia ilale?" majirani walinicheka uani.

Niliapa kwamba hakuna shina litakaloinuka.

Shayiri ililala kama mkeka. Baada ya siku chache iliinuka mahali pamoja tu, mduara mzima, palipokuwa na boma la ng'ombe wa baba. Lilibomolewa alipokufa, mimi nikiwa mbali.

Sababu naijua. Samadi ya kale huchelewesha maua, na shayiri isiyochanua ukiilaza huamka. Nilingoja ichanue, nikawasha trekta niilaze tena.

Mama alikuwa amesimama katikati ya mduara.

"Mama, toka. Mvua imekaribia, na watu wananicheka."

"Baba yako, nani aliwahi kumlaza kabla hajakagua ng'ombe wake?" Alicheka.

Mimi sikucheka. Upepo haukuwapo, lakini nyuma yake mashina yalikuwa yakipinda mojamoja, kama yanayosukumwa na ubavu wa ng'ombe anayepita.

Nilizima trekta.

Mahindi yangu ndiyo bora Njoro, muulize yeyote. Yameuzunguka ule mduara. Nikiukaribia hupiga mluzi kwanza, alivyofanya baba, ng'ombe wajue ni nani anayekuja.