Saini ya Siku ya Nne ya Matanga

Anne-Marie Kazadi hakuwahi kumkopa mtu hata chumvi, na jambo hilo alilitangaza kama wengine wanavyotangaza shahada zao. Miaka kumi na minane alikuwa akisafisha mabehewa kwenye stesheni ya Midi jijini Brussels, zamu ya alfajiri, na kila kilichokuwa nyumbani mwake, kuanzia friji hadi kochi, alikuwa amekinunua kwa pesa taslimu. Kwa hiyo siku ile ya Mei, Saskia, karani wa benki mwenye miwani ya kijani, alipomgeuzia kioo cha kompyuta na kumwonyesha jina lake katika daftari la taifa la watu walioshindwa kulipa mikopo, alicheka. Alimwambia binti wa watu kwamba amefungua faili la mtu mwingine.

Faili lilikuwa lake. Namba ya kitambulisho ilikuwa yake, tarehe ya kuzaliwa yake, Lubumbashi yake. Kampuni moja ya mikopo ilikuwa imetoa euro elfu kumi na moja mwaka 2018, zilipwe kwa miaka saba, na marejesho matatu ya mwisho hayakulipwa mwanzoni mwa 2025. Jina likiwa humo, Saskia alieleza kwa upole, benki haiwezi kumkopesha pesa za nyumba.

Hapo kicheko kikamkauka. Nyumba yenyewe ilikuwa ile ile aliyopanga katika mtaa wa Forest, ghorofa ya tatu, alikokaa na binti yake Graciella. Mwenye nyumba, Monsieur Noël, alikuwa anahamia kwenye makazi ya wazee, na kabla ya kutangaza kwa madalali alimpa yeye nafasi ya kwanza, kwa bei ambayo Brussels haitaisikia tena. Walikuwa wameshaandikishana: mkopo upatikane kabla ya tarehe thelathini Juni, ama sivyo kila mtu ashike njia yake. Anne-Marie alikuwa ameshachagua hata rangi ya jikoni.

Jioni ile ile alimkalisha Graciella mezani na kumwandikisha barua ya kulipinga deni. Msichana alitaka iwe fupi na yenye adabu. Mama yake alitaka maneno "deni hili si langu" yaingie mara tatu, na yakaingia mara tatu. Waliomba pia nakala ya mkataba, maana mtu akikudai, basi aonyeshe ulipoweka mkono.

Nakala ilifika baada ya siku kumi. Juu, penye mkopaji wa kwanza, palikuwa na jina la Mukendi, kaka mkubwa wa marehemu mume wake, Aristote. Chini yake, penye mkopaji wa pili, palikuwa na jina la Anne-Marie. Anwani ya wote wawili ilikuwa ya kule Molenbeek kwa Mukendi, na tarehe ilikuwa kumi na nne Machi 2018. Alihesabu kwa vidole ingawa hakuwa na haja ya kuhesabu. Ilikuwa siku ya nne ya matanga ya Aristote.

Mume wake alianguka kazini na hakuamka. Matanga yaliwekwa kwa Mukendi, ambaye Anne-Marie alimwita tonton, yaani baba mkubwa, kama watoto walivyomwita. Yeye, mjane, aliketi kwenye godoro sakafuni, kitambaa kichwani, na mlangoni palikuwa na daftari ambalo kila aliyeingia aliandika alichochanga. Kwa watu wa kwao, mjane haulizwi wala haambiwi habari za pesa mpaka mwili uzikwe. Kazi yake ni kulia, basi. Karatasi zililetwa, ya manispaa, ya mochwari, ya ndege, na kila mara mkono wa tonton ulimpa kalamu na kidole kikamwonyesha mahali. Aristote alirudi Lubumbashi, akalala karibu na mama yake. Na kwa miaka minane Anne-Marie alisimulia kwa majivuno jinsi Wakongo wa Brussels walivyochanga wakamrudisha mume wake nyumbani. Kanisani aliwahi kusimama akawashukuru.

Alirudi kwa Saskia na ile nakala. Saskia aliiweka kando ya kitambulisho chake, akazitazama saini mbili kwa muda mrefu. Hazikufanana hata kidogo. Ya kwenye kitambulisho ilikuwa nyofu na imejaa. Ya kwenye mkataba ilikuwa imejikunja, inatelemka nje ya mstari. Saskia alishusha sauti. Kama saini imeghushiwa, alisema, Anne-Marie aende polisi akamshtaki aliyeghushi, alete karatasi ya mashtaka, na yeye ataipeleka kwa mkuu wake. Aliamini mkopo ungepita. Alimwandikia kabisa anwani ya kituo.

Anne-Marie aliiweka ile anwani kwenye mkoba na kutoka. Alikuwa na hasira. Mtu amemwingiza kwenye deni akiwa chini, kichwa kimefungwa, akamwacha miaka minane ajigambe kama mjinga. Neno moja tu polisi, na jikoni pangepakwa rangi.

Jumapili alipita katikati ya soko la Midi bila kununua hata pilipili, akaenda Molenbeek. Tonton Mukendi alimfungulia mwenyewe. Alikuwa amekonda. Miaka ishirini na miwili alipachika milango ya magari kwenye kiwanda cha Forest, mpaka kilipofungwa. Alipoiona karatasi mkononi mwa shemeji yake hakujifanya haijui. Aliingia chumbani, akarudi na sanduku la viatu vya kazi.

Ndani mlikuwa na risiti, zimefungwa kwa mpira mwaka kwa mwaka. Michango ya daftari, alieleza, ilifika elfu nne na kidogo, na gharama zilikuwa elfu kumi na tano. Mshahara wake peke yake haukutosha kwa kampuni ya mikopo; walitaka mshahara wa pili. Alidhani atalimaliza deni kimyakimya. Alilipa miezi themanini na moja. Kisha kiwanda kikafungwa, pesa za kuachishwa kazi zikachelewa, kodi ikazimeza zilipofika, na barua za madai zilipoanza kuja akashindwa hata kuzifungua. Nazo zilikuwemo sandukuni, bahasha zote zimebanwa gundi vilevile.

"Juu ya nini haukuniambia, tonton?"

"Mujane habamuambiake mambo ya feza," alisema. "Na kiisha, donc, nilipata haya."

Anne-Marie alizishika zile risiti. Mwaka 2019, mwaka 2020 watu walipofungiwa ndani, mwaka 2023. Hata mwezi mmoja haukukosekana. Hasira aliitafuta, akaikuta imebaki kidogo tu, na hiyo kidogo ilikuwa ya kujionea haya mwenyewe. Alimwonyesha ile saini iliyojikunja, akakiri ni yake mwenyewe, ndivyo mkono wake ulivyokuwa siku ile ya matanga, na kesho ataenda kuwaambia hivyo benki.

Mukendi aliuliza kuhusu nyumba ya Forest. Habari hiyo ilikuwa imeshamfikia. Alimsihi aseme saini si yake. Yeye ni mzee, polisi watamfanya nini?

"Ulimubeba mwezi quatre-vingt-un," alimjibu, akionyesha zile risiti themanini na moja. "Niachie miye hata ile trois, ile tatu ya mwisho."

Jumatatu Saskia alimsikiliza, akavua miwani, akamweleza sheria: akilipa leo, jina litakaa daftarini mwaka mmoja zaidi kabla ya kufutwa. Anne-Marie alisema ameelewa. Alilipa marejesho matatu pamoja na riba na gharama za madai, euro mia saba na kumi na mbili. Tarehe thelathini Juni ilipita, na mwezi wa Julai Monsieur Noël, kwa masikitiko ya kweli, aliwauzia nyumba vijana wawili wa Ghent. Walikubali Anne-Marie aendelee kupanga, wakapandisha kodi.

Alilia siku moja, jikoni, kwa ajili ya ile rangi. Kisha akaichukua risiti ya mwisho, akapanda metro hadi Molenbeek, na tonton alipokuwa anachemsha maji ya chai akaliteremsha sanduku la viatu na kuiweka juu ya zile themanini na moja.