Ubao Katikati ya Kizimba

Mume wangu alileta mtoto wa mbwa nyumbani siku ya Jumatatu. Ijumaa ya wiki iliyofuata akahamia kwa mwanamke mwingine. Alibeba redio kubwa na godoro jipya, mbwa akaniachia mimi. Miaka kumi na tisa nilimshonea mashati mtu yule, na hata kuaga hakuaga.

Nyumba ni ya ukoo wao, na wifi yangu anakaa chumba cha mbele. Siku mbwa alipokojolea mkeka wake, alinijia amejishika kiuno.

"Nakupa wiki moja, wifi. Akichafua tena humu ndani, naenda kumtupa sokoni."

"Atafundishika."

"Na nani? Wewe uliyeshindwa kumfundisha kaka yangu kulala nyumbani?"

Hapo ndipo nilipoapa kwamba mbwa yule haendi popote.

Fundi viatu jirani yetu aliniambia mbwa hapendi kuchafua anapolala, kwa hiyo nimweke kizimbani na kumtoa mara kwa mara. Nikapata kizimba kikuukuu cha kuku. Nilichagua kipana kwa huruma, maana kubanwa nakujua. Nikatandika mabaki ya vitambaa. Asubuhi nikamkuta amelala kona hii, na kona ile amefanya haja zote mbili.

Wifi alicheka hadi akashika ukuta. "Jamani! Mbwa kapangiwa chumba chenye choo ndani! Mimi mwenyewe choo nakifuata uani!"

Alipoondoka nilibaki nakitazama kizimba. Kicheko kile kilinikera, lakini alichosema kilikuwa kweli. Nilikuwa nimemvisha mtoto gauni la mtu mzima. Nikachukua utepe, nikampima kutoka pua hadi mkia, na kimo chake akisimama. Nikakata ubao, nikaupachika katikati, nikamwachia nafasi ya kusimama, kujigeuza na kujinyoosha, basi.

Shule sikwenda, na saa ya ukutani hunichanganya, lakini redio ndogo ilibaki. Kila taarifa ya habari ikianza, niliacha cherehani nikamtoa uani, mahali palepale kando ya bomba la maji. "Haya, maliza." Akimaliza nilimsifu, nikamwacha acheze miguuni pangu. Akiamka, uani. Akila, uani. Akilia kwa kudeka tu, nilikanyaga pedali nikajifanya kiziwi. Kumpiga, sikumpiga. Kipigo nakijua, na hakikunifundisha kitu ila kuogopa.

Siku ya saba wifi alikuja akasimama mlangoni kwangu na hadithi zisizoisha. Habari zikaanza redioni, naye bado anaongea. Mbwa, aliyekuwa nje ya kizimba, akanusa sakafu, akazunguka mara moja. Kisha akaenda moja kwa moja mlangoni, akamkwaruza wifi mguu.

"Mpishe," nikasema.

Akampisha. Mbwa akakimbia hadi bombani, akakojoa, akarudi mwenyewe na kuingia kizimbani.

"Kabahatisha tu huyo," wifi akasema. "Nitamweleza kaka."

"Mweleze. Na umwambie mbwa wake, akitoka, anarudi."

Nikainama nikausogeza ubao vidole vitatu. Mtoto alikuwa ameanza kurefuka.